Kufanana Si Ushahidi wa Kunakili

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, vijana wetu wanaoingia vyuo vikuu hukutana na somo la dini katika sura ambayo madrasa haikuwazoesha. Huko maandiko ya dini mbalimbali hulinganishwa, na kila kinachofanana hutafutiwa mahali kilipoanzia. Kijana huelezwa kwamba kisa fulani cha Qur'an kimo pia katika vitabu vya Mayahudi, kisha huambiwa: basi kimechukuliwa huko. Anapouliza msikitini, mara nyingi hukemewa. Anyamazaye kwa kukemewa hajakinaika. Huondoka na swali lake, na wengine hawarudi tena katika safu.

Njia hiyo ina historia yake. Mwaka 1833 Abraham Geiger, msomi wa Kiyahudi wa Ujerumani, alichapisha kitabu akidai kuonesha yale ambayo Mtume (s.a.w.) aliyachukua katika dini ya Kiyahudi. Mwaka 1870 Max Müller alitoa mihadhara London akitaka dini zilinganishwe kama lugha zinavyolinganishwa. Lakini kulinganisha hakukuanzia Ulaya. Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria (875), aliandika Kitab al-Tamyiz, akionesha jinsi kosa la mpokezi linavyogundulika kwa kuzilinganisha riwaya. Na yapata mwaka 1030, al-Biruni, baada ya kujifunza Kisanskriti, aliandika kitabu juu ya India, akizieleza itikadi za Wahindu kama wenyewe wanavyozieleza na kuzilinganisha na za Wayunani. Basi tatizo si mizani, bali mkono unaoishika.

Vitu viwili hufanana kwa sababu nyingi. Huenda kimoja kimetoka kwa kingine. Huenda vyote vina asili moja. Huenda watu wenye hali moja wamefikia jambo moja. Anayeishika sababu ya kwanza na kuziacha nyingine bila dalili amehukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Qur'an yenyewe imejitambulisha kuwa inasadikisha yaliyoteremshwa kabla yake, hivyo kwa Muislamu kufanana ni jambo la kutarajiwa.

Tena mlinganishaji mwadilifu hutazama tofauti pia. Katika kisa cha Yusuf (a.s.), Biblia humwita mtawala wa Misri Farao. Qur'an humwita Mfalme, na jina la Firauni hulitumia katika zama za Musa (a.s.). Hatusemi kwamba tofauti hii peke yake yathibitisha wahyi. Tunasema kwamba anayedai kunakili ana deni la kuieleza.

Hali kadhalika, dhana hupimwa kwa athari zilizobaki. Mwaka 1977 John Wansbrough, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, alitoa kitabu akidai kuwa matini ya Qur'an haikutulia ila baada ya takriban karne mbili. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kuwa ngozi ya kurasa mbili za msahafu wake imepimwa na kukadiriwa kuwa ya kati ya miaka 568 na 645. Ni kweli kwamba kipimo hicho ni cha ngozi, wala hakitaji siku wino ulipowekwa. Nasi tusikipe zaidi ya haki yake. Hata hivyo, pamoja na misahafu mingine ya kale, kimeifanya dhana ile ya karne mbili kuwa nzito mno kuibeba.

Tazameni basi: kilichoipinga dhana hiyo ni utafiti, na sehemu yake imefanywa na wasiokuwa Waislamu. Kijana aliyekatazwa kusoma hayajui haya, akabaki na shubha bila jawabu lake.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu wenzangu na kamati za misikiti ni hii. Madrasa za ngazi ya juu zitenge darsa ya historia ya kukusanywa Qur'an na misahafu ya kale. Wanafunzi wafundishwe kuuliza, kila wanapoambiwa hiki kimetoka kwa kile: kwa njia ipi, lini, na kwa dalili gani? Na mwalimu asiyekuwa na jawabu aseme Allahu aalam, kisha akatafute. Tukiifunga milango ya msikiti mbele ya maswali, wenye maswali watayapeleka kwingine.

Wabillahi tawfiq.