Kocha aliyekuwa mwalimu kwanza

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yatangazwapo, hutokea jambo lile lile. Shule zilizopata alama za juu hujaa nyimbo na vigelegele, walimu wakuu hubebwa juu kwa juu, nazo zilizoshika mkia hunyooshewa kidole. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua kuandika sentensi akamfikisha kwenye alama ya C hana wa kumpigia makofi. Hali hii imenifanya niyatafakari maisha ya Mmarekani John Wooden, kocha wa mpira wa vikapu ambaye ulimwengu humkumbuka kwa ushindi, ilhali yeye mwenyewe alikataa kuufanya ushindi kuwa kipimo cha mtu.

Wooden alizaliwa mwaka wa 1910 katika jimbo la Indiana, akalelewa shambani katika nyumba isiyokuwa na umeme wala maji ya mfereji. Alisomea Chuo Kikuu cha Purdue, ambako alikuwa mchezaji hodari, kisha mwaka wa 1932 akaanza kufundisha Kiingereza na michezo katika shule ya upili. Huko alikerwa na tabia ambayo sisi tunaijua mno: wazazi waliomlaumu mtoto, au mwalimu wake, kila alipokosa alama ya juu kabisa, pasipo kuuliza kama mtoto huyo alikuwa amejitahidi kadiri ya uwezo wake. Basi mwaka wa 1934 akaandika maana yake mwenyewe ya mafanikio. Kwake yeye, mafanikio yalikuwa utulivu wa nafsi anaoupata mtu anapojua kwamba amefanya yote awezayo. Juu ya maana hiyo akajenga piramidi yake mashuhuri yenye matofali 15, bidii na shauku zikiwa nguzo za pembeni chini kabisa.

Mwaka wa 1948 alijiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, yaani UCLA. Naomba msomaji aitazame hesabu hii kwa makini. Misimu 15 ilipita bila ubingwa wa vyuo vya taifa. Timu yake ilifanyia mazoezi katika ukumbi mkongwe uliotumiwa pia na wanamieleka na wanasarakasi. Ni katika msimu wa 16, mwaka wa 1964, alipotwaa taji la kwanza, tena kwa timu ambayo kikosi chake cha kwanza hakikuwa na mchezaji hata mmoja aliyezidi futi sita na inchi tano. Kuanzia hapo hadi alipostaafu mwaka wa 1975 alishinda mataji 10 katika miaka 12, saba kati ya hayo yakifuatana, na wakati mmoja timu yake ilicheza mechi 88 mfululizo bila kushindwa. Najiuliza: ni bodi gani ya shule kwetu ingemvumilia kwa misimu hiyo 15?

Siri yake haikuwa makelele. Katika msimu wake wa mwisho, wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa ukumbini wakiandika kila alilosema na kulitenda mazoezini. Walihesabu matendo 2,326 ya ufundishaji, na takriban robo tatu yalikuwa maelekezo matupu: fanya hivi, si hivi. Sifa zilikuwa chache, karipio likawa chache vilevile. Kila zoezi alikuwa amelipanga dakika kwa dakika kwenye vikadi. Hata wachezaji mashuhuri waliofika kwake walianza kwa kufunzwa namna ya kuvaa soksi bila mikunjo, ili wasipate malengelenge. Huo, walimu wenzangu, ndio mpango wa somo tunaouandika kwa ajili ya mkaguzi peke yake.

Aidha, alijua kwamba kuna mambo yapitayo kombe. Mwaka wa 1947, akiwa kocha katika chuo cha ualimu huko Indiana, timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya kitaifa yaliyowazuia wachezaji weusi. Alikuwa na mchezaji mmoja mweusi, Clarence Walker, ambaye hakuwa hata nyota wa timu. Wooden aliukataa mwaliko. Mwaka uliofuata marufuku hiyo iliondolewa, timu ikaenda, naye Walker akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano hayo.

Atatokea msomaji wa kuniambia kwamba bila yale mataji 10 nisingeandika habari za Wooden leo. Kweli kabisa. Lakini mataji ni mavuno. Mimi nazungumzia kilimo. Wala sisemi alikuwa malaika. Mwaka wa 1981, miaka sita baada ya kustaafu kwake, UCLA iliadhibiwa katika kesi iliyomhusisha Sam Gilbert, tajiri aliyekuwa amewazoea wachezaji tangu enzi za Wooden, na wako waliouliza kwa nini kocha hakuchungulia zaidi. Swali hilo ni halali, nalo linatuonya kwamba ushindi mkubwa huweza kumfumba macho hata mtu mwadilifu.

Wooden alifariki mwaka wa 2010, akiwa na umri wa miaka 99. Hadi uzeeni alipenda kujiita mwalimu. Kwa hivyo nawasihi wakuu wa shule wakome kukinyakua kipindi cha michezo na kukigeuza cha hisabati, kwani uwanjani pia ni darasani. Na mwalimu apimwe kwa umbali aliomtoa mwanafunzi, si kwa alama ya mwisho pekee. Nanyi wanafunzi, matokeo yatakapobandikwa ukutani, kabla ya kuitafuta nafasi ya jirani, jiulizeni kama mlifanya yote mliyoyaweza. Jibu la swali hilo mnalijua ninyi wenyewe, wala hakuna mtahini awezaye kuwasahihishia.