Majani Hayana Kosa

BARAZANI
Na Zuhura Makame

Mtu akiandaliwa chai yenye ukakasi, wa kwanza kulaumiwa ni majani. Ya bei rahisi hayo, atasema. Mazuri yote yamepelekwa Ulaya. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ni chembe tu. Kenya inauza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, hupokea pia majani ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Wanunuzi hawashindanii makapi pale. Jani lililovumilia baridi ya Kericho au Mufindi likafika dukani likiwa zima, mara nyingi huharibikia kwenye sufuria.

Chai iliyo nyingi katika ukanda huu hupitishwa kwenye rola zenye meno zinazoliponda jani, kulichana na kuliviringisha hadi liwe punje ndogo nyeusi. Mashine hizo zilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Punje hailegei polepole kama jani zima. Inamwaga rangi, harufu na ukali wake ndani ya dakika tatu, nne, au tano kwa anayetaka kali kabisa. Anayeiacha ichemke robo saa huku akitafuta vikombe haongezi ladha tena. Anachokamua sasa ni ule ukakasi unaokausha ulimi.

Januari 1946 mwandishi Mwingereza George Orwell alichapisha katika gazeti la Evening Standard masharti 11 ya kuandaa chai. Alitaka birika, alitaka chai nzito, maziwa yamiminwe baada ya chai, na sukari asiione kabisa. Angepitishwa asubuhi mbele ya kibanda cha chai Kariakoo, huenda angeomba kiti. Lakini Orwell aliandika kwa jiko la kwao. Wapo wasomi wa hapa wanaoyachukua masharti ya aina hiyo na kuwacheka nayo mama zao kwa kuchemsha majani pamoja na maziwa, na hapo ndipo wanapokosea. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hunasa sehemu ya tanini, vile vitu vinavyoleta ukakasi, na kuulainisha ukali wake. Chai ya maziwa ya sufuriani ni kinywaji kinachojitegemea, na kanuni zake zina mantiki.

Mtazame mpishi anayeijua kazi. Anatwanga tangawizi kwenye kinu kidogo, nyuzi zinachomoza, anaitia kwenye maji matupu na kuyaacha yatokote mpaka yageuke manjano hafifu na harufu ifike barabarani. Maziwa bado yako kando. Anajua kwa uzoefu kile ambacho kemia inakithibitisha: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na moto wa kutosha hukiua. Asiye na subira hutumbukiza vyote kwa pamoja, maziwa yakikatika anamtukana muuza maziwa. (Muuza maziwa naye si malaika, lakini kosa hili mara nyingi si lake.)

Baada ya tangawizi ndipo maziwa, na mchanganyiko ukianza kupanda, majani: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, pungufu kidogo kama punje ni laini kama vumbi. Moto unapunguzwa. Mpishi anachota kwa upawa na kumimina kutoka juu mara kadhaa ili chai isifurike na majani yazunguke. Dakika tatu au nne, chujio, basi. Sukari ibaki mezani. Kumtilia mtu mzima sukari bila kumuuliza ni ubabe, hata ukifanywa kwa upendo.

Chai ya rangi ni kesi nyingine. Hapo hakuna kaseini ya kulainisha chochote, kwa hiyo kuyatokosa majani ni kujitafutia ugomvi. Iliki, mdalasini, karafuu au mchaichai vichemke vinavyotaka, kisha sufuria iepuliwe, majani yatiwe, ifunikwe. Kwenye miinuko subira iongezwe kidogo: Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, wakati Dar es Salaam hufika 100. Watu wa pwani nao wana yao. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huacha utando juu ya kikombe, na kuongeza majani hakuuondoi. Maji ya mvua yanasaidia.

Aibu kubwa lakini haiko vibandani. Iko kwenye kumbi za mikutano na hoteli zenye vitambaa vyeupe, ambako mgeni hupewa chupa ya maji yaliyochemshwa alfajiri, maziwa vuguvugu na kipakiti chenye uzi. Anakizungusha, anakibinya kwa kijiko, kikombe kinapata rangi ya maji ya mfereji. Maji yaliyopoa hayawezi kulifungua jani, liwe la Nandi au la Rungwe, na kulibinya kunamwaga ukakasi kabla ya ladha. Mama wa kibanda, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile ya hotelini, hathubutu kumpa mteja kitu cha namna hiyo, maana kesho asingemwona.

Chupa ya chai yenyewe haina ubaya, mradi chai ichujwe kabla ya kuingia humo. Majani yakibaki ndani yanaendelea na kazi hadi saa nne. Na kwa nyumba yenye mjamzito au mtu aliyeambiwa damu yake imepungua, kikombe kisogezwe mbali na mlo. Tanini zilezile huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, kwa hiyo chai ingoje kama saa nzima baada ya kula.