Siku 30 Baada ya Kuruhusiwa

Mwaka 2009, Stephen Jencks na wenzake walichapisha hesabu iliyoitikisa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee: kati ya kila wagonjwa watano walioruhusiwa kutoka hospitalini, karibu mmoja alilazwa tena kabla ya siku 30 kwisha. Takriban nusu ya waliorudi baada ya kutibiwa bila upasuaji hawakuwa na hata ankara moja ya kuonana na daktari kliniki tangu watoke wodini.

Serikali ikashika fimbo. Tangu Oktoba 2012, hospitali ambayo wagonjwa wake wanarudi kupita kiasi hukatwa malipo ya Medicare, hadi asilimia 3. Sisi tunaona fimbo hiyo inampiga asiyehusika.

Mtazame mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu. Anaruhusiwa Ijumaa na karatasi mkononi: ameze dawa ya kupunguza maji mwilini kila asubuhi, apunguze chumvi, ajipime uzito kila siku, na ukipanda ghafla apige simu. Maelekezo hayana kasoro. Ila mizani hana. Chakula anachokimudu ni cha makopo, chumvi tupu, na binti yake anayemhudumia yuko kazini hadi usiku. Miguu inavimba, siku ya tisa pumzi zinambana, anarudishwa hospitalini, na deni linaandikwa kwa hospitali.

Ndiyo maana hospitali zilizokatwa zaidi zilikuwa zile zinazowapokea maskini. Sheria ya mwaka 2016 ililegeza kidogo: hospitali sasa hulinganishwa na zenye sehemu inayokaribiana ya wagonjwa walio na Medicare na Medicaid, bima ya wenye kipato cha chini, kwa pamoja. Makato yamegawanywa kwa haki zaidi, basi.

Halafu kuna wanaostahili kurudi, ambao fimbo hiyo inaweza kuwafungia mlango. Utafiti wa mwaka 2018 uliona vifo vya wagonjwa wa kushindwa kwa moyo na nimonia baada ya kuruhusiwa vikiongezeka katika kipindi cha makato. Wataalamu wanabishana kuhusu chanzo, lakini anayeendesha bima asingoje ubishi uishe ndipo ahesabu vifo sambamba na wanaorudi.

Somo hilo si la Marekani peke yake. Kenya ilianza bima yake mpya ya afya, SHA, Oktoba 2024, na Tanzania ilipitisha sheria ya bima kwa wote mwaka 2023. Tunawauliza wanaopanga vifurushi vya bima hizo: mgonjwa akishatoka, nani analipia dawa za mwezi wa pili, nauli ya kliniki na muuguzi wa kubisha hodi nyumbani?