Umenunua mchezo, ufunguo uko kwa kampuni

Machi 31, 2024 kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wake wa mbio za magari uliotoka Desemba 2014. Tangu siku hiyo, hata aliyenunua diski yake dukani hawezi kuucheza, japo yuko peke yake sebuleni na hataki kushindana na mtu. Kila ulipowashwa, mchezo huo ulilazimika kuwasiliana na kompyuta za kampuni. Zilipofungwa, diski ikabaki plastiki.

Ndipo Mmarekani Ross Scott alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni 1. Wengi wamelielewa vibaya. Hakuna anayedai kampuni iendeshe seva milele. Linalodaiwa ni kwamba kabla ya kuondoka, iuache mchezo ukichezeka.

Chama cha wenye makampuni, Video Games Europe, kilijibu kuwa seva zikishikwa na watu binafsi, hakutakuwa na wa kulinda taarifa za wachezaji wala kuondoa maudhui haramu. Hoja hiyo ina uzito pale watu wengi wanapocheza pamoja. Kwa dereva wa sebuleni, haina. Tena Ubisoft yenyewe imeidhoofisha: baada ya kelele, Septemba 2024 iliahidi kuwa The Crew 2 itachezeka bila intaneti, na mwaka 2025 ikatimiza. Kumbe ufundi ulikuwapo. Hapakuwa na sheria ya kuilazimisha. California nayo imeishia nusu njia: tangu Januari 1, 2025 muuzaji lazima amweleze mnunuzi kuwa anapewa leseni tu.

Mimi linalonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena. Watetezi wa maktaba waliomba watafiti waruhusiwe kuifungua wakiwa mbali. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. (Sisi wa magazeti ya mtandaoni tunalijua hili: la karatasi hukutwa kabatini kwa mtu miaka 30 baadaye, letu hufa siku ambayo bili ya seva haikulipwa.)

The Crew sasa inachezeka tena kwenye kompyuta. Waliofanya kazi hiyo ni mashabiki, waliounda seva yao wenyewe na kuitoa Septemba 2025.