MWALIMU WA CHEKECHEA NAYE APEWE NJIA YA CHUO KIKUU

Wako watu katika nchi hii ambao wakisikia kwamba mwalimu wa chekechea anataka digrii, hucheka. Husema: digrii ya nini? Ya kuimbisha watoto na kuwafuta kamasi? Sisi hatucheki. Twasema kicheko hicho ni mabaki ya fikra za zamani.

Mkoloni alipotupangia elimu alitugawa kwa rangi. Mtoto wa Mzungu alikuwa na shule yake, wa Mhindi yake, na wa Mwafrika yake, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa fedha na kwa walimu. Ubaguzi huo wa shule ulikomeshwa Januari 1962. Lakini umebaki mgawanyo mwingine ambao hatukuugusa: kwamba mwalimu aliyesoma sana ni wa wakubwa, na aliyesoma kidogo ni wa wadogo. Mpaka leo mwenye cheti huitwa Daraja la IIIA, mwenye stashahada IIIB, mwenye shahada IIIC, na mshahara hupanda kwa kufuata herufi hizo. Si vibaya kisomo kulipwa. Vibaya ni kwamba kila anayepanda herufi humwacha mtoto mdogo nyuma yake.

Nasi tumekwisha kuamua kwamba mtoto huyo ni wa shule. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Mwaka 2016 ada ziliondolewa kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na wazazi wakaitikia kwa kuleta watoto wengi kuliko madawati. Serikali ilisema waje, wakaja. Sasa yatupasa kuuliza wanapokelewa na nani.

Wasomaji wetu wasiokaa na watoto wadogo tungewaomba waende asubuhi moja wakatazame. Mtoto wa miaka mitano wa Kwimba hufika shuleni na Kisukuma chake, wa Newala na Kimakonde chake, na mwalimu amtoe hapo ampeleke kwenye Kiswahili pasipo kumtia haya kwa lugha ya mama yake. Mtoto mwingine huhesabu moja hadi ishirini kwa sauti nzuri kama wimbo, na wazazi hufurahi. Lakini mwekee kokwa saba za embe mbele yake umwambie akupe tano, atakupa konzi nzima. Hajajua hesabu, amejua wimbo. Mwalimu aliyefundishwa ataona tofauti hiyo siku hiyo hiyo. Asiyefundishwa ataandika kwamba mtoto anajua, na kosa hilo litamfuata mtoto mpaka darasa la nne, ambako ataitwa mzito. Yuko pia yule asiyesikia vizuri, ambaye huchapwa kwa ukaidi kumbe sauti haimfikii. Kuyatambua mambo haya katikati ya kelele za watoto waliojaa chumba kimoja ni elimu ngumu, na sisi hatuoni kwamba ni nyepesi kuliko elimu ya anayefundisha jiografia kidato cha tatu.

Wenzetu wa Finland waliihamishia kazi ya kuwafundisha walimu wa chekechea katika vyuo vikuu mwaka 1995. Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, ilianzishwa mwaka 1962 shule ndogo ya watoto maskini weusi iitwayo Perry. Watoto wake walifuatiliwa hata wakawa watu wazima, wakalinganishwa na wenzao wasioipata, nao walikutwa wamesoma zaidi, wana kipato zaidi, na wamefungwa jela mara chache zaidi. Mambo mengi huitaja shule ile, lakini jambo moja husahauliwa: walimu wake walikuwa na digrii.

Hatusemi digrii hiyo haipo kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vimefundisha shahada ya elimu ya awali. Shida ni njia ya kufika. Chukua mwalimu wa kike wa kijijini mwenye cheti, aliyefundisha darasa la awali miaka kumi na miwili. Kwa njia ya kawaida sharti kwanza apate stashahada, na ufaulu wake usipungue GPA ya 3.0, ndipo agonge mlango wa chuo kikuu kwa miaka mitatu mingine. Ana mume, ana watoto, ana mama mzee. Katika njia hiyo ile miaka kumi na miwili haihesabiwi hata kwa siku moja. Na akishavuka yote hayo, mara nyingi hapangiwi tena chekechea. Hupelekwa kwingine, kwa maana watu huona kwamba digrii imeharibika ikikaa na watoto. Hivyo tumejenga ngazi ambayo kila anayeipanda hutoka nje ya nyumba.

Na tusiambiwe kwamba hakuna njia nyingine. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kwa kitivo cha sheria peke yake, majengo ya mlimani hayajakuwapo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema mtu na afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Baada ya Azimio hilo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Kazi ile ilikuwa na haraka na ina kasoro zake, hatuzifichi. Lakini ilituonyesha kwamba mwalimu aweza kusoma bila kuliacha darasa lake. Leo kuna simu mkononi na Chuo Kikuu Huria. Basi mwalimu huyu asome nyumbani, likizo za Juni na Desemba aende chuoni, na mtihani wake mkubwa uwe mbele ya watoto wake mwenyewe. Miaka yake ya kazi ipimwe na kuhesabiwa. Na akipata digrii, abaki chekechea kwa mshahara ule ule ambao angepewa sekondari.

Fedha? Hoja hii ina uzito, wala hatutaki kuipuuza. Digrii haipunguzi watoto darasani, wala haijengi choo. Hatudai kila mwalimu wa awali awe na digrii kesho. Twadai kila kata ipate mmoja kwanza, naye awasaidie wenzake wenye cheti wa shule za jirani. Pale patakapokosekana darasa, lijengwe darasa kwanza. Hilo twalikubali.

Walimu wa chekechea wanaosoma gazeti hili twawaomba watuandikie: umefundisha miaka mingapi, uliomba kusoma mara ngapi, ukajibiwa nini. Barua zao tutazichapa, na nakala tutaipeleka Wizarani.