Wanawake wasikatiwe umbali kabla hawajapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo waandishi wengi wa michezo hulipita haraka wanapomtaja Marit Bjørgen wa Norway, bingwa wa mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji. Kila anayemwandika huhesabu medali zake. Mimi naomba tuhesabu pia kilomita alizoruhusiwa kukimbia.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, mkimbiaji hufunga vibao viwili virefu na vyembamba kwenye viatu, hushika fimbo mbili, na kujisukuma juu ya theluji. Si kuteremka mlima tu. Hupanda vilima, huvuka tambarare, na mikono hufanya kazi pamoja na miguu. Ni mchezo wa pumzi na uvumilivu.

Bjørgen alizaliwa Trondheim tarehe 21 Machi 1980. Medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya fedha, aliipata Salt Lake City mwaka 2002 katika mbio za kupokezana. Torino mwaka 2006 akapata fedha nyingine. Dhahabu aliingoja hadi Vancouver mwaka 2010, alipochukua tatu. Sochi mwaka 2014 akachukua tatu tena. Desemba 2015 akajifungua mtoto. Wengi hudhani hapo ndipo mwanamke huaga michezo. Yeye alirudi, na katika mashindano ya dunia ya Lahti, Finland, mwaka 2017 akashinda dhahabu nne.

Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, akiwa na umri wa miaka 37, alipata medali tano, mbili zikiwa za dhahabu. Alipostaafu mwaka huo alikuwa na medali 15 za Olimpiki, dhahabu 8. Hadi siku hiyo hakuna mwanamichezo yeyote wa Olimpiki ya majira ya baridi, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amefikisha medali 15.

Sasa tutazame mbio zake za mwisho za Olimpiki. Zilikuwa za kilomita 30, na alimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Siku moja kabla yake wanaume walikuwa wamekimbia kilomita 50. Nauliza: je, nani alipima akaona kwamba mwanamke kama huyu mwisho wake ni kilomita 30?

Jibu ni kwamba hakupimwa. Wanaume walikimbia kilomita 50 tangu Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, Chamonix mwaka 1924. Wanawake waliingizwa katika mchezo huo mwaka 1952 tu, Oslo, nao wakapewa mbio moja ya kilomita 10. Kilomita 20 zilikuja mwaka 1984, na 30 mwaka 1992. Kumbe huko Sweden, mwaka ule ule wa 1924, mwanamke aitwaye Margit Nordin alimaliza mbio za Vasaloppet zenye kilomita 90. Badala ya kumpongeza na kuwafungulia wenzake mlango, wakubwa wa mbio hizo waliwakataza wanawake, na hawakuwaruhusu rasmi tena hadi mwaka 1981. Ushahidi ulikuwepo. Walioushika waliuweka kabatini.

Wapo watakaosema kwamba Bjørgen ni mtu wa pekee, si haki kuwapima wanawake wote kwa kipimo chake. Hoja hiyo haina nguvu. Wanaume nao si wote waliokuwa na uwezo wa Bjørn Dæhlie, bingwa mwingine wa Norway, lakini hakuna aliyewapunguzia wanaume umbali kwa sababu hiyo. Wapo pia wasemao kwamba mbio fupi huwapendeza watazamaji. Kama ni hivyo, zifupishwe kwa wote.

Nashukuru kwamba mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo lilipitisha uamuzi wa kusawazisha umbali. Katika baadhi ya mbio wanaume walipunguziwa, na katika nyingine wanawake waliongezewa. Mwaka 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Trondheim, pale pale alipozaliwa Bjørgen, na wanawake wakakimbia kilomita 50. Mshindi alikuwa Frida Karlsson wa Sweden. Bjørgen alikuwa amestaafu miaka saba kabla.

Msomaji asiseme kwamba theluji haituhusu. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zilikuwa za wanaume peke yao katika Olimpiki kwa muda mrefu, hadi wanawake walipofunguliwa mlango Beijing mwaka 2008. Mwaka 2021 Peruth Chemutai alishinda mbio hizo Tokyo, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Bila mlango ule, dhahabu ile isingefika Afrika Mashariki.

Sisi walimu tunajua kwamba mtoto aliyepewa hesabu za kujumlisha tu, mwaka nenda mwaka rudi, huwezi kusimama mbele ya wazazi wake ukasema kwamba kugawanya hakuwezi. Mpe kwanza, kisha sahihisha daftari lake.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mashindano, kuanzia ya shule hadi ya taifa, wasikate umbali wa wasichana kwa kukisia. Na waandishi wetu wa michezo, wanapoziandika zile medali 15, waongeze sentensi moja tu: kwamba mwenye medali hizo hakupewa kamwe nafasi ya kushindania kilomita 50 katika Olimpiki.

Mwalimu wa Kijijini,
Makete.