Katani na Kioo Viungane

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hekima hiyo yafaa kuingia katika maabara za shule zetu, kwani wanafunzi wengi huhitimu wakijua kwamba mkonge ni mmea wa kamba na magunia, basi.

Nyuzi za viwandani, kama vile polipropilini, ndizo zilizoipokonya katani soko lake la kamba katika karne iliyopita. Hata hivyo, mkonge ungali unalimwa Taita-Taveta, Kilifi na Baringo, na sehemu kubwa ya katani yetu huuzwa ng'ambo ikiwa ghafi. Je, tutaridhika na hali hiyo hadi lini?

Epoksi pekee, ikishaganda, huwa ngumu lakini hupasuka upesi. Ufa ukianza hauna wa kuuzuia. Ikitiwa nyuzi, nyuzi hizo hubeba mzigo na kuukatiza ufa. Nyuzi za kioo zina nguvu kuliko katani, wala sisemi vinginevyo. Lakini kioo kina uzito wa takriban mara 2.5 ya maji ya ujazo sawa, ilhali katani ni takriban mara 1.5.

Wapo watakaonipinga kwamba katani hunywa maji na haishikamani vyema na epoksi. Ni kweli. Ndiyo maana huoshwa kwanza kwa mmumunyo hafifu wa sodiamu haidroksaidi ili kuondoa nta, kisha hukaushwa. Ndiyo maana pia siwaungi mkono wanaotaka kukitupa kioo. Tabaka za kioo zikae nje, zikabili maji na mkazo; katani ijaze ndani, ipunguze uzito na gharama.

Nawasihi walimu wenzangu: wanafunzi watengeneze vipande vinne vya kipimo kimoja, yaani epoksi tupu, yenye katani, yenye kioo, na yenye vyote viwili. Wavae glavu, madirisha yawe wazi. Wavitundikie mawe ya mizani, wapime vinavyopinda. Wavitose majini, wavipime uzito tena. Hapo watatambua wenyewe katani inafaa wapi na haifai wapi.

Nchi inayouza nyuzi bila kuzichunguza itanunua bidhaa zake kwa bei ya mwingine. Uchunguzi huo hauna budi kuanzia darasani.